Mstari wa Kijito Nakitula

Jumanne, 12 Januari 1965

Nimepewa kazi ya kuchora majimbo. Bwana Stefano alikuja mezani kwangu asubuhi na barua ya Dar mkononi. Yeye ndiye katibu wa kamati ya mipaka hapa mkoani, na ndiye mkubwa wangu tangu nihamishiwe Mtwara. Elia, akasema, kazi hii inataka mkono usiotetemeka. Nikamwambia mkono upo, kinachokosekana ni wino. Akacheka. Wino umeagizwa tangu Novemba.

Kazi yenyewe: watu wa pwani, kuanzia Msimbati mpaka mdomoni mwa Ruvuma, hawatoshi kuwa jimbo la uchaguzi peke yao. Kwa hiyo wanaongezewa tarafa moja ya Wilaya ya Newala, kule juu uwandani. Mbunge mmoja, wilaya mbili! Makarani wa wilaya zote mbili wameshanuna, na hata mstari sijauchora. Wa Newala wanasema wameibiwa watu. Wa Mtwara wanasema wametupiwa watu.

Ramani yangu ni ya mwaka 1952. Bado ina reli ya kwenda Nachingwea. Reli imeshang'olewa, vyuma vimepakiwa melini mimi mwenyewe nikiangalia. Nimeuliza kama kuna ramani mpya. Hakuna. Basi, hiyo hiyo.

Ijumaa, 15 Januari

Nimepata mpaka wa magharibi. Kijito Nakitula. Kinashuka kutoka uwandani moja kwa moja hadi Ruvuma. Mashariki ya kijito, jimbo letu jipya. Magharibi, jimbo la Newala. Napenda mipaka ya maji — haitaki nguzo, na hakuna mtu atakayekuja ofisini kusema kijito ni cha babu yake.

Vijiji vya ukingoni ni vitano. Sharti la kamati: kila kijiji cha mpakani ofisa akione kwa macho yake, kisha kwenye orodha kiandikiwe "kimeonekana". Ofisa ni mimi. Modesta, mke wangu, kaniuliza wakati wa chakula safari itachukua siku ngapi. Mbili, nikasema. Akasema, sawa Baba Nuru, basi nitakupikia maandazi ya siku nne. Mwalimu huyu hawezi kuniacha na hesabu yangu.

Alhamisi, 21 Januari

Siku tatu. Maandazi yamebaki.

Vijiji vinne vimeonekana. Dereva ni Selemani, mtu wa Msimbati. Yuko kwenye mfungo na bado anapiga soga maili zote. Mimi niliyekunywa chai ndiye niliyesinzia. Mvua haikukatika. Kijiji cha tano kinaitwa Namalupa, cha mwisho kabisa kusini, karibu na Ruvuma. Maili nane kabla ya kufika, barabara ikawa uji. Selemani akashuka, akachoma fimbo kwenye tope, fimbo ikazama nusu. Akaniambia gari likikwama hapa yeye hana nguvu za kusukuma mpaka afuturu, na mimi peke yangu sitalitoa.

Nikafungua ramani. Namalupa ipo, mashariki ya kijito, nukta nyeusi nzuri kabisa. Kitabu cha kodi kinasema nyumba 64. Nitaona nini zaidi? Nyumba 64 na tope.

Tukageuza. Nimeandika "kimeonekana" humo humo garini. Mwandiko umekwenda mrama kidogo, lakini unasomeka.

Jumatano, 3 Februari

Idi. Ofisi imefungwa. Selemani kaleta sinia la pilau nyumbani. Tumekula mpaka tukashindwa kuinuka mkekani. Nimelala mchana kutwa. Sijafikiria mstari wowote.

Jumanne, 9 Februari

Kikao cha jina la jimbo. Saa tatu na nusu nzima!

Pwani imewakilishwa na mzee Salumu, kanzu imepigwa pasi, sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Anataka jimbo liitwe Msimbati. Uwanda umewakilishwa na Bwana Filipo, mwalimu mstaafu. Anataka Nanyamba. Salumu akasema watu wa pwani hawatapigia kura jina la porini. Filipo akasema watu wake hawatapigia kura jina linalonuka samaki. Bwana Stefano, akitaka kupatanisha, akapendekeza Ruvuma. Nikamkumbusha kwa upole kwamba Ruvuma ni mkoa, na makao yake ni Songea. Akanitazama vibaya.

Chai ikaja, ikaisha. Mwishowe nikaambiwa nisome majina yote yaliyo kwenye ramani, moja moja, ionekane lipi halina upinzani. Kila jina lilikuwa na adui wake. Kijiji hiki kina kesi ya shamba na kile, kijiji kile kilimnyima Salumu mke mwaka 1938. Nikafika pembeni kabisa, chini: Namalupa. Kimya. Salumu akauliza nani anatoka huko. Hakuna aliyejua. Hakuna mwenye shemeji huko, hakuna mwenye ugomvi. Wakakubali wote, mikono juu!

Jimbo la Namalupa. Filipo akanishika mkono kwa mikono miwili. Nimefurahi, siwezi kukataa. Mimi mtoto wa Usangi, kaskazini kabisa, nimeipa nchi jina.

Jumatano, 24 Februari

Ramani imeondoka na ndege ya leo. Wino ulifika Ijumaa. Nimechora kwenye kitambaa cha ramani siku nne, nimekwangua wino kwa wembe mara mbili tu. Bwana Stefano kaupitia mstari wote kwa kioo cha kukuzia. Hakuna kosa, akasema. Ni kweli. Kwenye mstari hakuna.

Jumatatu, 15 Machi

Redio imesoma majimbo. Letu lilikuja karibu na mwisho. Modesta akapiga makofi. Akauliza Namalupa hasa ni mahali pa namna gani. Nikasema kijiji kizuri, karibu na mto. Kina shule? Nikasema sikumbuki.

Aliniangalia kidogo. Kisha akarudi kwenye madaftari ya wanafunzi wake.

Alhamisi, 18 Machi

Niandike polepole, nisiruke kitu.

Saa nne karani wa mapokezi akaniita: nina wageni, wanamtaka "mwenye ramani". Barazani nikakuta mwanamume wa miaka arobaini na kitu, koti la suti juu ya msuli, miguu ina tope mpaka magotini. Pembeni yake mwanamke, rika lake, kitambaa cheusi kichwani, hakusimama. Mwanamume akavua kofia.

"Bwana nkubwa, mimi ndiye Namalupa."

Nilidhani ni mzaha. Nikamwambia Namalupa ni jimbo. Akasema ndiyo, amesikia, ndiyo maana amekuja. Jina lake limesemwa redioni mbele ya watu wote, na yeye hajatenda neno. Ana kosa gani?

Nikawaingiza ndani. Jina lake la ubatizo ni Mateus Custodio. Alivuka Ruvuma akiwa mtoto, mwaka 1931, mara akibebwa mgongoni, mara akitembea, pamoja na mjomba wake. Walikimbia kazi ya lazima ya Wareno. Mjomba ndiye aliyekuwa Namalupa. Alifyeka mahali, wakajenga, mahali pakaitwa kwa jina lake. Ndivyo wanavyofanya huku — kijiji ni mtu. Mwaka 1958 mjomba akafa. Wakamzika katikati ya kijiji, Mateus akarithishwa jina, na kijiji kikahama. Hawakai juu ya kaburi la mwenye kijiji. Wamevuka kijito, wamejenga maili tatu upande wa pili, wamepanda mikorosho. Na mahali hapo papya panaitwa Namalupa, kwa sababu Namalupa ndiye yuko pale.

Upande wa pili wa kijito. Magharibi!

Nilishika rula, nikaiweka, nikaishika tena.

Mwanamke ni dada yake, Joana. Yeye ndiye alisema lililobaki, na hakulizungusha. Makarani wa kuandikisha wapiga kura wa jimbo jipya walikwenda kule walikoelekezwa na ramani. Wakakuta kaburi na kichaka. Wakaandika: hakuna watu. Makarani wa Newala nao walifika kijijini kwao, wakafungua orodha, wakasema Namalupa si yao, ni ya jimbo la Namalupa, jina lenyewe linasema. Wakafunga meza. Sasa kwenye bonde zima kumebandikwa tangazo. Mtu mzima asiye na kadi ya kuandikishwa mpaka Jumamosi tarehe 10 Aprili atahesabiwa kuwa ni mkimbizi wa vita vya ng'ambo ya Ruvuma. Atapakiwa kwenye lori, apelekwe kambini, upande wa Lindi.

"Tuna miaka thelathini na nne hapa," Joana akasema. "Wanangu wote wamezaliwa hapa. Watu wanaokuja usiku wakikimbia mabomu, sisi ndio tunawapa uji. Leo sisi nasi tukahesabiwe nao?"

Nyumba sabini na moja, Mateus akaongeza.

Nikafungua nakala ya ramani mezani, kwa kukosa la kufanya. Nikawaonyesha kijito. Nikawaonyesha nukta. Nikasema — naandika maneno yenyewe — "Kwenye ramani kijiji kiko mashariki ya kijito. Ndivyo ilivyopitishwa Dar." Ilikuwa sauti ya ofisi. Ninayo, naitumia bila kujua.

Mateus akainama juu ya nukta muda mrefu. Akauliza: "Kwa hiyo ntu wa mashariki yumo?"

Nikasema ndiyo, wa mashariki wamo.

Akashukuru! Akanipa mkono. Joana hakutoa wa kwake. Mlangoni aligeuka, akaniuliza mimi nilikuja lini kuwaona. Nikasema ilikuwa mwezi wa kwanza, mvua ilikuwa nyingi. Akasema ni kweli, ilikuwa nyingi.

Walikuja kwa miguu siku nzima mpaka Nanyamba, kisha kwa lori. Wamerudi hivyo hivyo.

Ijumaa, 19 Machi

Nimeitafuta orodha kwenye faili. "Kimeonekana." Mwandiko wangu, umepinda. Naona aibu, na si aibu ya kufa na kupona, ni ile ndogo isiyoondoka siku nzima. Sikumwibia mtu. Sikumpiga mtu. Niligeuza gari.

Jumamosi, 20 Machi

Nimemwambia Modesta. Alikuwa anasahihisha madaftari, hakuinua kichwa. Akauliza kama Bwana Stefano anajua. Bado. Akaendelea kusahihisha. Baada ya ukurasa mmoja akasema, wanafunzi wake wakinakili jibu bila kufanya hesabu huwa anawarudisha mstari wa kwanza. Sikupenda kufananishwa na darasa la nne. Lakini ndilo darasa lenyewe.

Jumatatu, 22 Machi

Nimemwambia Bwana Stefano. Nilisimama. Nilitaja maili nane, tope, Selemani kwenye mfungo — kisha nikasema Selemani asitiwe humo, aliyeamua ni mimi.

Alivua miwani, akaifuta kwa tai. Akauliza nani mwingine anajua. Akauliza kama hao watu wameandika barua. Hawajaandika, nikasema, hawajui kwamba kuna mtu amekosea. Wanadhani ramani ndivyo ilivyo.

Akasema mstari hauwezi kuguswa, umeshatangazwa. Lakini orodha ya vijiji inaweza kusahihishwa, iwapo mchora ramani mwenyewe atakiri kosa kwa maandishi. Namalupa ifutwe kwenye orodha ya mashariki, iandikwe kwenye ya Newala. Makarani wa Newala warudi na meza yao. Rahisi kabisa. Ila barua hiyo itakaa kwenye faili langu mpaka nistaafu.

Nikauliza: jimbo la Namalupa litabaki na jina la kijiji kisichomo? Akasema jina halipigi kura.

Jumatano, 24 Machi

Barua imekwenda na ndege. Ukurasa mmoja na nusu. Sentensi ya kwanza: "Mimi ndiye niliyekosea." Nilipoifunga bahasha nilijisikia mwepesi, nikanunua samaki mkubwa kuliko tunavyoweza kumaliza.

Jumatano, 31 Machi

Simu ya maandishi kutoka Dar. NAMALUPA IFUTWE JIMBO LA NAMALUPA IANDIKWE NEWALA STOP MAKARANI WAFIKE 8 APRILI STOP HAPATAKUWA NA MAREKEBISHO MENGINE STOP.

Siku mbili kabla ya malori. Imewahi! Bwana Stefano kanipiga begani. Ndiyo mara ya kwanza, na naona yeye mwenyewe alishangaa.

Ijumaa, 2 Aprili

Selemani alikuwa anakwenda Nanyamba na mifuko ya mbegu. Angeweza kumpa mtu barua ya kumfikia Mateus. Nikaandika: "Ofisi imegundua kosa." Nikachana. Nikaandika: "Mimi nilikosea, sikufika kwenu." Nikaisoma. Nikamwona Joana akisomewa. Nikachana.

Hata hivyo makarani watafika tarehe nane na watawaeleza wenyewe. Watafurahi kwa ghafla, furaha ya ghafla ni nzuri zaidi. Selemani akapiga honi. Nikamwambia aende tu, hakuna barua.

Jumatatu, 5 Aprili

Barua ya onyo imefika kwenye faili langu. Nimeisaini. Bwana Stefano akasema Alhamisi niende na makarani, nifike kabisa, mpaka mlangoni kwa mtu. Hakuwa anatania. Nikasema nitafika hata kwa magoti.

Modesta kafunga maandazi ya siku moja. Anaanza kuniamini.

Alhamisi, 8 Aprili

Saa nane mchana. Nipo Namalupa. Naandika juu ya goti.

Tuliingia upande wa magharibi saa nne, mimi na Selemani, makarani wawili wa Newala wakitangulia na gari lao na meza ya kukunja. Mvua imepumzika tangu Jumapili. Maili nane za mwisho, kama zile za Januari, ni dakika arobaini. Dakika arobaini!

Kijiji hakikuwepo.

Kuta za udongo zimesimama, mvua imeshaanza kuzila. Mapaa hakuna. Nyasi za kuezekea zimerundikwa chini, fito zimekwenda. Milango imekwenda na fremu zake. Mafiga yameng'olewa, majivu yamebaki. Mikorosho ipo, mistari iliyonyooka, imepaliwa mpaka shinani. Kuku mmoja, amesahauliwa. Nilizihesabu kuta kwa sababu sikujua la kufanya. Sabini na moja. Mateus hakuongeza hata moja.

Nilisema kwa sauti: wamepakiwa. Malori yamewahi. Selemani akatazama chini, akasema hapana, hakuna alama ya gari. Hapa wamepita watu kwa miguu, wengi, wamebeba vitu vizito, na wamepita zaidi ya mara moja. Akanionyesha njia. Mpya, pana, imekanyagwa mpaka imeng'aa. Inaelekea mashariki.

Hapo nikaelewa. Nilikaa kwenye kizingiti cha nyumba isiyo na mlango.

Karani mkubwa wa Newala ni kijana msafi, si mbaya. Akasema ametumwa kuandikisha watu wanaoishi hapa. Hapa haishi mtu. Kwa heshima yangu atakaa na meza mpaka saa kumi, kisha ataandika: hakuna watu. Nikamwambia wako ng'ambo ya kijito tu, nitawaita. Akasema wa ng'ambo si wake. Nikamwambia makarani wa ng'ambo nao walishafunga daftari Jumamosi, na jina la kijiji limefutwa humo. Akauliza nani alilifuta. Nikamwambia.

Tukaifuata njia, mimi na Selemani. Nakitula inafika kiunoni. Ni mara ya kwanza naikanyaga. Maji ya baridi, yanavuta, chini kuna mawe yanayoteleza. Nilipoichora ilikuwa uzi mmoja wa wino.

Tulisikia mashoka kabla ya kuona kitu. Kisha tukawaona. Nyumba nusu nusu, milango ile ile, fito zile zile, wanawake wanakandika, udongo mpaka viwikoni. Katikati kaburi la mjomba, limezungushiwa uzio wa matete, na nyumba zimelipa nafasi pande zote. Mateus aliniona, akaacha jembe, akaja mbio.

"Bwana nkubwa! Tumeingia."

Siku kumi na moja, akasema. Walirudi kutoka Mtwara, wakaita watu wote, akawaeleza: ramani haisogei, sisi tunasogea. Kuna mzee hakutaka, wakambeba na kitanda chake, akiwatukana mpaka katikati ya maji. Asubuhi tatu walimwaga unga kaburini kumwomba mjomba awasamehe, wanakuja kumkanyaga usingizini. Haijawahi kufanyika. Watu walilia. Lakini wamekuja wote, jina limekuja, na kwa kuwa jimbo lina jina hilo, akasema, sasa kila kitu kimekaa mahali pamoja.

Nikauliza — sijui kwa nini niliuliza — nani aliwaambia wahame.

Akashangaa kweli. "Wewe, bwana. Ulisema wa mashariki wamo."

Joana alikuwa anakandika ukuta. Akanawa, akaja. Akasema ameacha mikorosho mia mbili, ameilea miaka saba, mwaka huu ndio ilikuwa izae sawasawa. Akasema bila kulalamika, kama mtu anayetaja umri wa mtoto. Kisha akanitazama suruali, maji yakinichuruzika. "Leo umekuja mwenyewe," akasema. Ilikuwa sifa. Sijawahi kupewa sifa iliyoniuma hivi.

Nafikiri. Wakivuka sasa hivi, wote, wakapanga mstari mbele ya meza kabla ya saa kumi, karani labda atawaandika. Labda hatawaandika, ameshaona kuta. Kuna wazee. Kuna wajawazito, nimeona wawili. Na akiwaandika huko, nyumba ziko huku, na kesho kutwa malori yatakuja na karatasi inayosema Namalupa haimo mashariki ya kijito. Warudi tena? Wabebe tena milango? Au nimwambie karani aandike tu, nisaini mimi, kwamba nimewaona wanaishi magharibi? Mkono wangu huu umeshasaini kitu cha namna hiyo.

Selemani ananong'ona: waambie, kaka. Waambie lolote, lakini waambie.

Mateus hakungoja. Amekwenda nyumba kwa nyumba kuwaita. Mwenye ramani amefika na neno, anasema, acheni kazi. Mashoka yamenyamaza moja moja. Wanakuja wakinawa mikono, wengine wamevaa mashati safi juu ya suruali za tope. Yule mzee wa kitandani ameletwa, ameketishwa mbele. Joana ameniletea kigoda, amekifuta kwa khanga yake.

Niliomba dakika chache niandike kwanza. Mateus akawageukia watu, akaweka kidole mdomoni. Hata watoto wametulia. Wamenyamaza wote ili nisikosee.

Wanadhani naandika majina yao.